Bad Brains waliwafundisha wengine kukimbia, wao wakabaki nyuma. Kwa nini?

#1 Msukuma Jiwe

Wakuu, salama?

Mimi ni mtu wa rege tangu shule ya msingi, na hawa Bad Brains, bendi ya Marekani, nimewafikia kwa mlango huo. Mdogo wangu alinitumia wimbo wao mmoja wa taratibu, "Leaving Babylon", rege tupu, besi inatembea kama mzee anayetoka shamba. Nikaupenda, simu nikaiacha iendelee kucheza. Wimbo uliofuata ni wa bendi hiyohiyo, lakini nilifikiri spika imepasuka. Gitaa linasaga, dramu zinakimbizana, mwimbaji anamwaga maneno kuliko dalali wa mnada, na kabla sijakaa vizuri umeisha.

Nikaanza kufukua. Vijana wanne weusi wa Washington na vitongoji vyake: H.R., jina lake Paul Hudson, ndiye mwimbaji. Mdogo wake Earl Hudson kwenye dramu. Gary Miller wanayemwita Dr. Know kwenye gitaa. Darryl Jenifer kwenye besi. Beastie Boys, Dave Grohl, Henry Rollins, Living Colour, wote wamesema hadharani kwamba walijifunza kwa hawa. Waliojifunza wamejaza viwanja. Walimu hawakujaza. Mwaka 2016 wakapendekezwa kuingia kwenye jumba la heshima la roki kule Cleveland, kura hazikutosha.

Mimi nasema ni rangi yao. Panki, yaani roki ya nyimbo fupi, kasi na kelele, lilikuwa soko la vijana wa kizungu na makampuni hayakujua pa kuwaweka. Anayepinga aje na hoja.

#2 Pweza

Mkuu, kwetu Mwanza ukisema panki tunajua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Nimekaa mbele, naomba darasa.

#3 Mzee wa Kaseti

Jiwe, umeanza vizuri, ila kuna mahali pa kunyoosha. Hawa hawakuanzia kwenye panki. Katikati ya miaka ya 1970 walijiita Mind Power na walipiga jazi iliyochanganywa na roki, wakifuata nyayo za Return to Forever ya Chick Corea na Mahavishnu Orchestra. Ule ni muziki wa hesabu, ukikosea kuhesabu umeachwa. Rafiki yao Sid McCray, aliyekuwa mwimbaji wao mwanzoni, ndiye aliyewaletea sahani (santuri) za panki. Jina wakalitoa kwenye wimbo wa bendi ya panki ya Ramones, "Bad Brain", wa mwaka 1978. Na mtaani kwao kumwita mtu mbaya ilikuwa kumsifu, kama sisi tunavyosema fulani ni hatari.

Wengi wanadhani kasi ile ilitoka kwenye hasira. Mimi nasema ilitoka kwenye mazoezi. Mtu aliyezoea jazi ngumu ukimpa kodi tatu za panki, yaani milio mitatu ya gitaa, atazipiga kwa mwendo ambao aliyeanzia kwenye kodi tatu haufikii.

#4 Kamba ya Nne

Nakazia hapo kwa Mzee wa Kaseti. Napiga besi kanisani Dodoma mwaka wa kumi na moja huu. Kinachonishangaza kwa Jenifer ni kituo kuliko kasi. Wanakimbia wote wanne, halafu wanasimama pamoja, kimya, nusu sekunde, wanaondoka tena pamoja. Jaribuni na bendi zenu muone. Sisi tukijaribu kusimama pamoja mpiga kinanda anabaki amening'inia peke yake.

#5 Mtu wa Jogoo Road

Sasa wasee. Jiwe, hoja ya rangi naikubali nusu. Lakini usiseme hawa ndio walikuwa wa kwanza. Detroit kulikuwa na ndugu watatu wa familia ya Hackney: David, Bobby na Dannis. Bendi yao iliitwa Death, yaani Kifo. Walirekodi mwaka 1975, kabla hata sahani ya kwanza ya Ramones haijatoka. Clive Davis wa kampuni kubwa alitaka wabadilishe jina, David akakataa kata kata. Wakatoa wenyewe singo moja, nakala 500, basi. Rekodi zao zikalala hadi 2009 ndipo zikatoka kama albamu, na David alikuwa amefariki mwaka 2000. Philadelphia nako kulikuwa na Pure Hell, nao weusi, walianza 1974.

Death waliangushwa na jina. Ukiwaweka hawa watatu pamoja utaona kila mmoja alikwama mahali pake.

#6 Msukuma Jiwe

Jogoo Road, sijasema walikuwa wa kwanza kupiga panki wakiwa weusi. Rudi usome #1. Ila ahsante kwa Death, nilikuwa siwajui kabisa. Na umenisaidia: bendi tatu za watu weusi, miji mitatu, na zote zimekwama. Hiyo si bahati mbaya ya mmoja mmoja.

#7 Mnyakyusa wa Maryland

Habari zenu. Mimi naishi kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, pembeni ya Washington, ndiko walikokulia baadhi yao, nina miaka kumi na tisa hapa. Niwape picha ya mahali, maana ukisoma "vijana weusi wa Washington" unaweza kufikiri ni vijana wa kijiweni.

Miaka ile Washington ilikuwa mji wa watu weusi, kama saba kati ya kila kumi. Wafanyakazi wa serikali, walimu, wanajeshi, walianza kuhama mjini kuja huku kwenye nyumba zenye bustani. Mwaka 1973 mahakama ikaamuru watoto wapandishwe mabasi ili shule zichanganyike, na wazungu wengi wakahama. Kwa hiyo hawa ni watoto wa familia zenye utaratibu. Baba yake H.R. alikuwa wa jeshi la anga, na mwenyewe alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1956. Ule msemo wao wa PMA, yaani kuwa na mtazamo chanya wa akili, umetoka kwenye vitabu vya Napoleon Hill vya kufundisha mafanikio, ambavyo baba yake alimpa asome. Yaani kauli mbiu ya bendi kali kuliko zote ilitoka kwenye kabati la vitabu la mzazi.

Sasa hoja yangu. Weusi wenzao mjini walikuwa wanacheza go-go ya Chuck Brown, muziki wa ngoma usiokatika, shoo inakwenda saa nzima bila kusimama. Wewe unakuja na wimbo wa dakika moja na nusu, hauchezeki. Nani atakufuata? Nina mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, mwenyeji wa hapa, umri wao kabisa. Nilimuuliza kama aliwahi kwenda kuwaona. Akasema walikuwa wanapita mtaani na nguo zao za ajabu na watu waliwaonea huruma, wakidhani wamechanganyikiwa. Rangi ilifunga mlango upande wa wazungu, sawa, lakini nyumbani nako mlango haukuwa wazi. Walikuwa katikati.

#8 Dada Sakina

Mnyakyusa, post nzuri sana. Nyongeza kuhusu kufungiwa: wimbo wao unaosema wamepigwa marufuku Washington watu wanaudhani una hati ya serikali nyuma yake. Hakuna amri iliyotolewa. Wenye kumbi mmoja mmoja waliwakataa, mashabiki wao walikuwa wakiruka hadi viti vinavunjika. Ndipo wakahamia New York, wakawa watu wa ukumbi wa CBGB. Kufikia 1982 kule ndiyo kwao.

#9 Mzee wa Kaseti

Na kabla ya New York kuna safari ya Uingereza, ambayo kwangu ndiyo inayoonyesha walivyokuwa na moyo. Mwishoni mwa 1979 waliuza walivyokuwa navyo wakapata nauli ya kwenda London. Walipotua, uhamiaji wakawarudisha, hawana vibali vya kazi. Vyombo navyo vikaibwa. Wamerudi Washington mikono mitupu, na waliowaazima vyombo ni vijana wadogo wa kizungu, bendi inaitwa Teen Idles, ndani yao yumo Ian MacKaye. Vijana wale wakawa wanakaa chini kwenye chumba cha mazoezi wanawatazama wakubwa wakipiga kwa vyombo vyao. MacKaye huyohuyo baadaye akaunda Minor Threat na lebo ya Dischord mwaka 1980, ambayo iko hadi leo. Ukiuliza hadikoo, yaani panki la kasi na ukali zaidi, ya Washington ilifundishwa wapi, ni kwenye chumba kile.

Kuhusu swali la Jiwe, mimi jibu langu ni moja na naona hakuna aliyeligusa: kaseti.

Albamu yao ya kwanza, ile ya 1982 yenye jalada la njano na radi inayopiga kuba la bunge la Marekani, lebo ya ROIR iliitoa kwa kaseti peke yake. Hakukuwa na sahani. Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Kariakoo, nilianza 1986. Mteja analeta kaseti moja halisi, jioni zimetoka nakala kumi na tano, na mwenye wimbo hapati hata senti. Niliwahi kumuona mwanamuziki mmoja, simtaji, amesimama mbele ya kibanda anasikiliza sauti yake inatoka kwenye spika yangu, na viatu vyake vimetoboka. Sikulala vizuri siku ile. Nikawa natenga kaseti halisi na kuziuza kwa faida ndogo, lakini wateja walitaka za bei nafuu.

Kaseti inafika mbali kuliko sahani kwa sababu kila mwenye redio ya mikanda miwili ni kiwanda. Kwa hiyo walienea kila mahali, kila kijana mwenye gitaa akawasikia, na fedha haikurudi. Kwangu hiyo inaeleza mambo yote mawili ya Jiwe kwa pamoja, sifa kubwa na mfuko mtupu.

#10 Pweza

Basi Mzee wa Kaseti umenirudisha kwenye mapanki. Minofu imepanda ndege, mwenye ziwa amebaki na mifupa. Niliingia kwa utani ila sasa naona ndiyo habari yenyewe.

#11 Msukuma Jiwe

Pweza, umesema. Hiyo naichukua.

#12 Mtu wa Jogoo Road

Hapana, msikimbilie hapo. Kaseti ilikuwa albamu moja. "Rock for Light" ya 1983 ilitayarishwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, mtu mkubwa wakati ule. "I Against I" ya 1986 ilitoka lebo ya SST kwa sahani, na ndiyo wengi wanaiona kilele chao. Mwaka 1993 walikuwa Epic, kampuni kubwa. Mwaka 1995 walikuwa Maverick, lebo ya Madonna! Nafasi walipata, tena zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba kila mlango ukifunguka H.R. hayupo. Anaondoka kwenda kupiga rege na kundi lake la Human Rights, anarudi, anaondoka. Albamu ya Epic imeimbwa na mtu mwingine, Israel Joseph I. Ile ya Maverick amerudi, na kwenye ziara ya mwaka huohuo akampiga meneja, kisha shabiki akapigwa na stendi ya maikrofoni. Ziara ikavunjika. Kampuni gani itavumilia?

#13 Kamba ya Nne

Kuna watu wameanza "Rock for Light" kwa toleo la 1991, wanadhani ndivyo ilivyokuwa. Toleo lile lilichanganywa upya na kuongezwa mwendo, sauti ya H.R. ikapanda. Tafuteni la awali. Samahani kwa kukatiza.

#14 Dada Sakina

Jogoo Road, ulichoandika ni kweli, lakini umekiandika kama vile mtu alikuwa mkorofi tu. Naomba nieleze, kisha mniseme kama nimekosea.

H.R. alikuwa anaumwa. Watu wake wa karibu wamelizungumza wazi kwa miaka. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa makali, na mwaka 2017 alifanyiwa upasuaji wa ubongo. Ukitazama picha za CBGB za mwaka 1982 utaona mtu anaruka sarakasi ya nyuma na kutua sawa na mdundo wa mwisho. Ukitazama shoo za miaka ya baadaye, amesimama, anatabasamu, anaimba kwa kunong'ona huku wenzake watatu wanaunguruma nyuma yake. Mashabiki walizomea. Walitaka yule wa 1982.

Kaka yangu mkubwa alikuwa hivyo. Alikuwa fundi cherehani hodari, tulikuwa tunaishi Tanga. Siku akiwa mzima anashona suti mbili kabla ya adhuhuri. Siku nyingine anakaa mbele ya mashine anatabasamu hadi jioni. Wateja walisema ana dharau, anaringa kwa sababu ana kipaji. Tulimpeleka kwa waganga kwanza, tulipoteza miaka minne, ndipo tukamfikisha hospitali. Tulipojua ni ugonjwa, wateja walikuwa wameshahamia kwa mwingine. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "aliharibu nafasi", mimi namuona kaka yangu. Na ninawaheshimu sana Jenifer, Earl na Dr. Know kwa kuendelea kumpandisha jukwaani na kumpigia hata siku alizokuwa hawezi.

#15 Mtu wa Jogoo Road

Dada Sakina, pole kwa yaliyompata kaka. Nafuta neno "kampuni gani itavumilia". Lakini hoja inabaki: iwe ugonjwa au ukorofi, bendi bila mwimbaji haiendi.

#16 Dada Sakina

Imebaki, sikuipinga. Nilikataa jinsi ulivyoisema. Ahsante.

#17 Ras Kibwengo

Amani. Nimesoma yote. Mmezungumza rangi, kaseti, ugonjwa, mnaipita imani kana kwamba ni mapambo ya nywele. Ndugu hawa walikwenda kumuona Bob Marley jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1970, wakatoka wamebadilika. Kuanzia hapo walikuwa Rasta kwanza, wanamuziki baadaye. Rasta hakimbilii lebo ya Babiloni. "Sacred Love" kwenye albamu ya 1986 unajua ilivyorekodiwa? H.R. alikuwa amefungwa gereza la Lorton kwa ajili ya bangi, akaimba kwa simu kutoka gerezani, wenzake studio wananasa. Sikiliza ile sauti nyembamba, ndiyo simu. Mtu huyo unadhani alikuwa anawaza kujaza viwanja? Hawakushindwa. Hawakutaka.

#18 Msukuma Jiwe

Ras, hilo la simu limenisisimua. Nimerudia wimbo mara tatu sasa hivi. Lakini kama hawakutaka, kwa nini wasaini Epic na Maverick?

#19 Ras Kibwengo

Wana watoto, ndugu yangu. Imani hailipi ada ya shule.

#20 Mnyakyusa wa Maryland

Ras, kuhusu imani na mimi naongeza upande mchungu, maana uzi wa sifa tupu hauna faida. Mwaka 1982 walipofika Austin, Texas, waligombana na wenyeji wao, bendi ya Big Boys, ambayo mwimbaji wake alikuwa akipenda wanaume wenzake. Walimtolea maneno ya chuki wakisimamia imani. Habari ile ilienea kwenye vijarida vya mashabiki nchi nzima, na bendi nyingine zikakataa kupanda nao jukwaa moja. Jenifer amekuja kusema anajuta, kwamba walikuwa vijana waliokumbatia dini kwa ukali wa mwongofu mpya. Hiyo nayo ni sehemu ya jibu. Watu waliokuwa tayari kuwabeba waliumizwa nao.

#21 Mzee wa Kaseti

Hilo ni kweli na limesemwa vizuri.

Turudi kidogo kwenye rege na panki, maana Jiwe katika #1 alishangaa mlango mmoja kutoa vitu viwili. Ndoa hiyo ilifungwa London kabla yao. Don Letts alikuwa mpiga sahani wa ukumbi wa Roxy mwaka 1977. Sahani za panki zilikuwa chache mno, akawapigia vijana wale rege. Bendi ya panki ya The Clash wakaimba upya "Police and Thieves" ya Junior Murvin. Marley mwenyewe akatoa "Punky Reggae Party" mwaka huo. Ila The Clash walichanganya, rege ikaingia ndani ya roki. Bad Brains hawakuchanganya. Wimbo wa kasi ni wa kasi hadi mwisho, rege ni rege hadi mwisho, zinakaa upande mmoja wa kaseti kama majirani wasiovuka ua. Wapo waliokuja kuchanganya wakapata fedha.

#22 Kijana wa Besi

Wakubwa, shikamooni. Kwa hiyo hoja nyingine ni kwamba msikilizaji alikuwa hajui anunue nini? Anayetaka rege anakutana na kelele, anayetaka kelele anakutana na rege. Kama wangechagua moja?

#23 Msukuma Jiwe

Marahaba. Kijana, kama wangechagua moja mimi nisingewajua. Nilikuja kwa rege nikabaki kwa kelele.

#24 Mtu wa Jogoo Road

Tukisema walibaki nyuma tuwe na kipimo. Beastie Boys walianza 1981 wakiwa vijana wa hadikoo wanaowafuata hawa, na mwaka 2007 Adam Yauch, mmoja wao, akatayarisha "Build a Nation" ya Bad Brains kwa mikono yake. Albamu yao ya 2012, "Into the Future", waliitoa kwa kumkumbuka Yauch, aliyefariki mwaka huo. James Spooner akatengeneza filamu ya Afro-Punk mwaka 2003 kuhusu vijana weusi wanaopenda muziki huu na kujiona wako peke yao. Mwaka 2005 likazaliwa tamasha Brooklyn, na mwaka 2017 lilifika Johannesburg. Hapa Nairobi tuna Crystal Axis, wanajiita afro-panki, wana wimbo unaomzungumzia Mfalme Leopold wa Ubelgiji na mikono iliyokatwa Kongo. Nimewaona wakipiga, watu mia labda, na mbele yangu msichana mwenye dreadi ameimba kila neno. Miaka ya tisini mimi nikivaa fulana ya bendi ya roki mtaani kwetu niliulizwa kama nimeingia ibada ya shetani.

#25 Mzee wa Kaseti

Na mwaka 2021 walizipata tena haki za rekodi zao nyingi za zamani, wanazitoa upya chini ya usimamizi wao. Hiyo kwangu ndiyo habari njema ya uzi huu.

#26 Pweza

Kwa hiyo minofu imerudi?

#27 Mzee wa Kaseti

Baada ya miaka arobaini, Pweza. Na samaki wenyewe wamezeeka. Dr. Know moyo ulisimama mwaka 2015, akapona.

#28 Mnyakyusa wa Maryland

Mimi bado nasimama kwenye go-go. Kama nyumbani wangekupokea, kaseti na kampuni na Austin visingekumaliza.

#29 Ras Kibwengo

Na mimi bado nasema hawakutaka.

#30 Kamba ya Nne

Wakuu, mrejesho. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tulibaki watatu tukajaribu "Sailin' On". Besi nimeihimili mpaka mwisho, vidole vimevimba. Mpiga dramu wetu amefika katikati, ameweka fimbo chini, ameomba wiki mbili. Mwinjilisti alikuja kuuliza kuna nini, tukampigia "I Luv I Jah" taratibu, akakaa akasikiliza hadi mwisho. Nani ana maandishi ya ile sehemu ya mdundo kubadilika kwenye "I Against I"?

#31 Mzee wa Kaseti

Maandishi sina. Punguza mwendo kwenye simu hadi nusu, uhesabu kwa mguu, usihesabu kwa mdomo. Na mwambie huyo wa dramu amsikilize Earl mguu wa kulia tu, mikono aiache kwanza.

#32 Kamba ya Nne

Nimemtumia. Jumamosi ijayo tena.